Ukuta wa Marudio

Kuna harufu moja ambayo wanawake wa kwetu hatuhitaji kufundishwa: harufu ya ukuta wa udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Kama huna mimba utaivuta puani na kuendelea na kazi zako. Kama unayo, mate yatakujaa mdomoni na utajikuta unakwangua ukuta kwa kucha kabla hujakumbuka kwamba wewe ni mtu mzima mwenye heshima zake. Mimi nilikula udongo kwa mimba zangu zote. Nilikula ule wa sokoni Morogoro mjini, vile vijiti vya kijivu vinavyopangwa mafungu mafungu karibu na ukwaju na ubuyu, na nilikula wa kichuguu aliokuwa akinitumia mama kutoka mlimani. Muuguzi wa kliniki alikuwa akinisema, lakini nina hakika na yeye alikuwa na kipande chake kwenye mkoba.

Naanza na hili kwa sababu nikiwasimulia watu wa mjini habari za mdogo wangu huniuliza swali moja tu, tena kwa kukunja uso: alikuwa anakula ukuta kwa nini? Swali hilo linanipandisha hasira. Alikuwa anakula ukuta kwa sababu alikuwa mjamzito na ukuta ulikuwa mtamu. La kuuliza ni kwamba ukuta ule ulikuwa na nini ndani yake.

Kwetu ni juu ya Mkuyuni, ukishaiacha barabara ya Matombo na kupanda kwa miguu kati ya migomba na midalasini. Mama anaishi pale peke yake tangu baba afariki, katika nyumba ya miti na udongo yenye paa la bati, kwenye shamba alilopewa na mama yake, ambaye naye alipewa na mama yake. Kwa sisi Waluguru ardhi ya ukoo inapita kwa wanawake. Ila mdomo wa ardhi hiyo wanao wajomba. Mwanamke analima, anarithi, anazikwa humo, lakini likija jambo la kuamua nani apewe na nani anyimwe, anaitwa mjomba, anakaa kwenye kiti, na wanawake wanaleta chai.

Mama alizaa wasichana wawili, mimi na mdogo wangu. Mimi nimezaa wavulana watupu. Mama anawapenda na wao wanajua anawapenda, lakini kila nilipojifungua aliuliza ni nini, akajibiwa, akasema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Watoto watakaozaliwa na wavulana wangu watahesabiwa ukoo wa mama zao. Bila mjukuu wa kike, shamba lile lingekwenda kwa tawi jingine la ukoo siku mimi na mdogo wangu tutakapofumba macho. Mama hakulisema mara nyingi, lakini kila Iddi tukikutana lilikuwa pale, limekaa nasi mkekani.

Kwa hiyo macho yote yakawa kwa mdogo wangu. Yeye alikuwa na kibanda cha chai na chapati Msamvu, karibu na stendi, na mumewe ni utingo wa malori, leo yuko Dodoma, kesho yuko Tunduma. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka. Ya tatu ilipokaa, mama alipiga simu na kutoa amri: mtoto aje nyumbani, aache kusimama kwenye jiko la mkaa kutwa nzima, ajifungulie kwao kama wanawake wote walivyojifungulia. Mdogo wangu ni mbishi, lakini safari hiyo hakubisha. Aliogopa kuipoteza na hiyo.

Wakati huo dhahabu ilikuwa imeshaingia bondeni. Nikiwa mdogo tulikuwa tunawaona vijana wachache wakichekecha mchanga wa kijito kwa makarai, wakipata punje ya kuwatosha nauli na sigara. Baadaye walikuja watu wenye mashine. Wakachimba mashimo kwenye ubavu wa mlima, wakaweka mwalo, yaani pale mahali pa kusagia mawe na kuyaosha, chini kabisa ya shamba la mama kwenye ardhi ya ukoo wetu. Mjomba ndiye aliyewaruhusu. Mama alipata habari baada ya makarasha kuanza kuunguruma, na hata alipouliza aliambiwa ni mambo ya maendeleo. Siku nzima mashine hizo zinasaga mawe. Vumbi lake ni laini kama unga wa sembe, na linatua juu ya majani ya migomba mpaka yanakuwa na rangi ya jivu.

Mawe yakishasagwa huoshwa kwa maji na zebaki. Zebaki inaikamata dhahabu, kisha wanaichoma juu ya moto mpaka zebaki ipae na dhahabu ibaki. Tope linalobaki wanaliita marudio. Hulirundika pembeni, na rundo lile likakua mpaka likawa kilima kidogo kilichokaa kati ya mwalo na migomba ya mama.

Wanawake wa kijijini ndio waliogundua faida yake. Udongo wetu mwekundu wa kukandikia nyumba una shida moja: ukikauka unapasuka. Kila mwaka unakandika, kila mwaka unaziba nyufa. Marudio hayapasuki. Ukiyachanganya na udongo kidogo na jivu, ukapaka kwa kiganja, yanakaa sawia na kung'aa, ukuta unakuwa kama umepigwa lipu na fundi wa mjini. Wachimbaji hawakuwa na neno. Waliwaambia akina mama wazoe wanavyotaka, wao wameshamalizana nayo. Msimu mmoja tu, nusu ya nyumba za kitongoji zikawa za kijivu.

Mama alikandika ya kwake alipopata habari za mimba. Alibeba tope lile kwa ndoo kichwani, akapanda nalo mlima yeye mwenyewe na magoti yake mabovu, akakataa kusaidiwa. Alianza na chumba atakachokuja kulala mdogo wangu. Nilipofika mara ya kwanza kumwona, nilisimama mlangoni nikapitisha mkono ukutani, na kwa kweli ulikuwa unapendeza, baridi na laini kama chungu kipya. Nikamtania mama kwamba mimi nimezaa wajukuu wote wale katika nyumba yenye nyufa za kupita mjusi, na hakuna aliyewahi kunibebea hata kopo la tope. Mama akacheka, akasema wewe ulikuwa huzai mrithi. Lilikuwa la utani, lakini lilinichoma kidogo.

Mdogo wangu alianza na kona ya dirisha. Kisha akahamia karibu na mto wake, ambako hakuhitaji hata kuinuka. Alikuwa analala ubavu, anapeleka mkono, anakwangua, anaweka ulimini na kufumba macho. Alisema ule wa sokoni ulikuwa unamkwama kooni, ila huu unayeyuka. Baada ya wiki chache ukuta ulikuwa umefanya shimo la kutosha ngumi kuingia. Mama alipoliona hakukasirika. Alifurahi mno. Aliwaambia majirani kwamba mjukuu wake ameanza kula nyumba ya bibi kabla hajazaliwa, na kila shimo lilipokuwa kubwa alikwenda mwaloni, akachota tope jipya, akaliziba vizuri ili mtoto asikose. Haya niliyaona kwa macho yangu na sikuona ubaya wowote. Nani angeuona? Ukuta ni udongo, na udongo tumekula tangu dunia ilipokuwa changa.

Halafu akaja dada mmoja. Alikuwa mtafiti kutoka chuo, msichana mwembamba mwenye buti kubwa kuliko miguu yake, anazunguka mashamba ya karibu na mwalo akichota udongo kwenye vifuko. Alimwamkia mama shikamoo kwa kupiga goti kidogo, na hapo hapo mama akampenda, akamkaribisha chai ya mdalasini na ndizi za kuchemsha. Nami siku hiyo nilikuwa nimepanda kuwaona, tukakaa sote sebuleni. Alikuwa anatueleza kazi yake kwa lugha nyepesi: kwamba mawe yenye dhahabu huwa yamebeba na madini mengine, kama risasi, ambayo yakiwa ndani ya mwamba hayamsumbui mtu, lakini mwamba ukisagwa kuwa unga yanatoka nje pamoja na zebaki iliyomwagwa, yanakaa kwenye udongo na hayaozi. Mama alikuwa anaitikia ehe, ehe, kama anavyoitikia hotuba za wagombea.

Mdogo wangu alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, tumbo limeshachomoza. Akapeleka mkono nyuma, akamega kipande, akatia kinywani. Hakuwa anafikiria hata. Yule dada akaiacha sentensi yake, akamgeukia.

"Dada," akamwuliza taratibu, "huo udongo wa ukuta mlitoa wapi?"

Mama ndiye aliyejibu, kwa fahari, akionyesha bondeni kwa kidevu. Yule dada akaweka kikombe chini. Akafungua begi lake, akatoa kifaa cha kupimia madini kinachofanana na mashine ya kukaushia nywele saluni, akaomba ruhusa, akakiegemeza ukutani. Akakisubiri. Akahamia ukuta wa pili, kisha akaomba kuingia chumbani, na huko akakiweka pale penye kiraka kibichi karibu na mto. Alipotoka hakurudi kwenye chai. Alimwuliza mdogo wangu mimba ina umri gani, na alipojibiwa aliangalia sakafu. Kisha akaniita nje kwa sababu mimi ndiye niliyeonekana mkubwa.

"Mtoe leo," akaniambia. "Asilale humu tena, na wala asile chochote cha hapa."

Nilimwuliza je, mtoto ameshapata madhara? Alisema hajui, kazi yake ni udongo, siyo watu, nimpeleke hospitali. Macho yake yalikuwa yamelowa, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kifaa chake.

Kumwambia mdogo wangu ilikuwa kazi, kumwambia mama ilikuwa kazi zaidi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Alisema tu kwamba yeye alichagua ule laini kuliko yote. Akalirudia, kwamba alikuwa akipita rundo zima akichagua ule laini. Tulifungasha nguo, tukashuka barabarani, na mama akabaki mlangoni bila kutupungia.

Mjini nilimweka chumbani kwangu, wanangu nikawahamishia sebuleni. Hospitali walitupokea vizuri, siwasemi vibaya. Walimpima damu ikaonekana ni pungufu, wakampa vidonge vya kuongeza damu, wakamwambia aache udongo. Kuhusu zebaki na risasi walisema kipimo chake hawana, na hata kingekuwepo, kilichokwisha kuingia hakitolewi kwa urahisi kwa mama mwenye mimba. Tulirudi nyumbani na vidonge na maneno. Mdogo wangu aliacha udongo, au tuseme alipigana nao. Mvua ikinyesha, nyumba ya jirani ya matofali mabichi ikianza kunukia, alikuwa anafunga dirisha na kulia. Nilitaka kumnunulia vijiti vya sokoni vya kumtuliza. Nilifika mpaka kwenye meza ya muuzaji, nikavishika, nikajiuliza navyo vimechimbwa wapi. Muuzaji hakujua. Nikavirudisha.

Nilipanda mlimani mara moja kuonana na mjomba. Nilikwenda na hasira, nikajikaza niamkie kwanza, nikae, ninywe maji, ndipo niseme. Nilimwomba aitishe kikao, wale watu waondoe rundo la marudio kwenye ardhi ya ukoo na wanawake waambiwe wasilikandikie. Mjomba alinisikiliza kwa upole wote. Akasema wanawake wamekula udongo tangu enzi na watoto wamezaliwa, kwamba yule msichana wa chuo ametumwa na watu wanaotaka kuwafukuza wachimbaji ili waje wao, na kwamba mimba za mdogo wangu zilikuwa zinatoka hata kabla ya mashine. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na alilisema kwa sababu alijua ni kweli. Tulikuwa tumekaa barazani kwake. Nyumba yake ni ya tofali za saruji na imepakwa rangi ya krimu. Niliiangalia sana ile rangi ya krimu, nikaaga.

Na majirani nao hawakunifurahia. Vijana wao wanasaga mawe pale, na wao wenyewe wameshakandika. Mwanamke mmoja niliyecheza naye utotoni aliniuliza kama nataka abomoe nyumba yake kwa sababu ya maneno ya mpita njia. Sikuwa na nyumba nyingine ya kumpa.

Mtoto alizaliwa, na alikuwa msichana. Mama alishuka kwa basi la kwanza na mkungu wa ndizi, akamwosha, akamkanda, akamwita "mama yangu", kama tunavyowaita wajukuu wanaobeba damu ya ukoo. Alikuwa mdogo lakini mzima wa kuonekana, vidole vyote, nywele nyingi. Sijawahi kumwona mama mwenye furaha kiasi kile. Arobaini tuliifanyia mjini. Kwa desturi baada ya hapo mtoto angepelekwa mlimani, akaonyeshwe kwao. Mdogo wangu alisema barabara imeharibiwa na mvua, tungoje ikauke.

Mama hakutaka kungoja tu. Alirudi nyumbani akachukua jembe, akaanza kuubandua ukuta, chumba kwa chumba, mpaka zikabaki fito. Majirani walimwona amechanganyikiwa. Udongo aliobandua aliumwaga kwenye migomba, kama tunavyofanya siku zote na udongo wa zamani. Nilipomwambia kwa simu kwamba hata hapo haufai, kwamba utaingia kwenye ndizi na kwenye kisima, alikwenda akauzoa tena kwa mikono, akaujaza kwenye viroba. Kisha akauliza avipeleke wapi. Nilimpigia yule dada wa chuo. Akasema visirudishwe mwaloni wala visitupwe mtoni, ila yeye naye hana mahali. Mama aliuliza ofisi ya kijiji, wakamwambia watamjulisha. Viroba viko mpaka leo chini ya upenu wa nyumba, vimefunikwa kwa nailoni na mawe juu yake. Kisha mama akakandika upya kwa udongo mwekundu wa juu kabisa mlimani, ule unaopasuka.

Mtoto anakaribia kutimiza mwaka. Shingo yake haijakaza. Ukimkalisha anadondokea upande, na mikono yake ina mtetemeko mdogo ambao mgeni anaweza kudhani ni wa baridi. Siku moja mfuniko wa sufuria uliniponyoka ukaanguka sakafuni nyuma yake, wanangu wote wakaruka, yeye hakugeuka. Mimi na mdogo wangu tuliangaliana, tukaendelea kupika. Daktari wa watoto alisema inaweza kuwa zile sumu, inaweza kuwa jambo jingine lililotokea tumboni, yeye hawezi kuapa. Nilimchukia kwa maneno hayo, ingawa najua alikuwa anasema ukweli. Ingekuwa nafuu kupewa hata ubaya wenye jina.

Mdogo wangu hamlaumu mama. Nataka hilo lieleweke. Anaongea naye kwenye simu, anacheka naye. Lakini mtoto hampandishi mlimani. Kwanza ilikuwa barabara, kisha mafua, kisha joto, kisha mumewe yuko njiani. Siwezi kumkosoa. Makarasha yanaendelea kusaga, vumbi linatua uani, na mtoto anatia kila kitu mdomoni. Mama naye magoti yamekataa basi. Tangu arobaini hawajaonana.

Juzi nilipanda kumpelekea sukari na dawa za magoti. Nilimkuta uani amekaa kwenye kibao, anamenya ndizi, ameviegemea vile viroba kama havipo. Akanionyesha chumba. Ameweka kitanda cha kamba, ametandika shuka mpya, amefunga chandarua kidogo cha rangi ya waridi. Ukuta mwekundu ulikuwa umeshaanza kupata ufa karibu na dirisha na alikuwa ameuziba kwa kidole. Tukarudi uani. Aliuliza kama mtoto ameanza kukaa, nikasema atakaa tu, inshallah. Akamenya ndizi mbili tatu. Kisha akahama kwenye Kiswahili, akaniuliza kwa Kiluguru, kama afanyavyo jambo likiwa zito.

"Niambie kweli. Ni mimi niliyemfanya vile?"

"Hapana, mama," nikamjibu. "Hata daktari hajui."

Alitikisa kichwa polepole, akaichukua ndizi nyingine na kuikata ncha. Macho yake yalikuwa kwenye kisu.

"Kama si mimi," akasema, "mbona hamumleti?"